Sentensi Yangu ya Kwanza ya Kihindi

Najua nimepotea hapa kijiweni, na wengine mmeshanitumia meseji kuuliza kama gazeti limenimeza au nimeoa kimyakimya. Wala. Leo nataka kulipa deni la hadithi ya Delhi, ambayo nimekuwa nikiiahidi tangu niliporudi mwaka 2024. Tatizo ni kwamba kila nikikaa kuiandika naona inanitaka kwanza niombe radhi, na sisi waandishi wa habari, si mnatujua tena, kuomba radhi huwa tunaweka ukurasa wa ndani, chini kabisa, kwa maandishi madogo.

Basi niungame. Mwaka 2022, nikiwa na miezi michache tu kazini na shahada yangu ya Kiswahili ikiwa bado haijapata vumbi, niliandika makala ndefu kuwashambulia vijana wa mjini. Nilisema wanakiua Kiswahili. Nilimsema yule wa "nimedaunlodi", nikamsema yule wa "nitakuforwadia", nikamalizia na yule wa "simu imehangi", wote nikawaita watumwa wa kasumba. Mhariri wangu alifurahi. Wasomaji walituma pongezi. Mama yangu, ambaye anauza vitenge na hana habari na shahada ya mtu, aliisoma yote mpaka mwisho kisha akaniuliza swali moja: "Sasa hao watoto wakisema hivyo, huwa hawaelewani?" Nikamwambia mama, hilo silo suala. Akalikunja gazeti, akaendelea na vitenge vyake.

Miaka miwili baadaye ni mgongo wa huyohuyo mama uliotupeleka India. Ukoo ulichanga, majirani walichanga, mimi nikachukua likizo bila malipo, na Machi 2024 tukajikuta Delhi, tumepanga chumba mtaa wa Malviya Nagar. Tulikaa wiki tano. Mwenye nyumba wetu alikuwa mama wa makamo ambaye wapangaji wote walimwita Anti. Aliyetupokea alinionya mapema: Anti hajui Kiingereza hata kidogo, usihangaike.

Jioni ya kwanza Anti akapanda ngazi na chupa ya chai, akaangalia simu yangu, akasema: "Vai-fai kanekt karo. Pasvard dival par likha hai." (Kihindi hapa nitakiandika kama sikio langu lilivyokisikia, wataalamu mnisamehe.) Akaonyesha ukutani, na kweli namba za siri zilikuwa zimeandikwa pale kwa kalamu. Halafu akauliza kama nataka "mobail charj", akanionyesha "svich" ya maji ya moto, akaondoka. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba. Huyu mama asiyejua Kiingereza nimemwelewa kila kitu!

Usiku ule nilifurahi kwa ubaya. Nilijisemea, kumbe ugonjwa uko kote. Lugha kubwa kama hii, ambayo sensa ya India ya 2011 iliihesabia watu milioni 528 kama lugha yao ya mama, nayo imeshindwa kupata neno lake la kuchaji simu. Nikaanza kuokota mifano kwenye daftari nije niandike makala ya pili.

Aliyeniharibia makala hiyo ni binti wa Anti, mwanafunzi wa chuo, aliyezungumza Kiingereza kizuri kuliko mimi. Nilimsomea orodha yangu kwa majivuno. Akanisikiliza, akasema: hayo unayoyaita Kiingereza, mimi nasikia Kihindi. Akachukua kalamu kunionyesha.

Iko hivi. Kihindi hakisumbuki kulinyambua neno la mgeni. Kinalichukua zima zima, kinaliketisha kando ya kitenzi chake cha siku zote, karna, yaani kufanya, na kazi imekwisha. Daunlod karo, pakua. Dilit karo, futa. Sev karo, hifadhi. Ukitaka kusema jambo limeshakuwa, unaondoa karna unaweka hona, yaani kuwa: daunlod ho gaya, imeshapakuliwa. Unayesema naye ni mzee? Huwezi kumwambia karo. Unasema daunlod kijiye, na ile kijiye inabeba heshima yote inayotakiwa. Kiingereza kimeleta neno moja tu. Wakati, amri, kukanusha, adabu, mpangilio wa sentensi, vyote vimebaki mikononi mwa wenyewe.

Hata jinsia. Kihindi kila jina ni la kiume au la kike, na mgeni akiingia anapewa upande hapohapo. Simu ni mwanamume: fon haing ho gaya, simu imeganda. Betri ni mwanamke: baitri khatam ho gai, betri imekwisha. Niliamini hilo siku nilipopeleka simu ya mama Nehru Place, lile soko maarufu la kompyuta na simu kusini mwa Delhi. Fundi aliifungua, akaangalia ndani, akasema, "Baitri phul gai hai," betri imevimba. Mimi sikushtuka kwa uvimbe. Nilishtuka kwa ile gai. Kweli ni mwanamke! Fundi hakusoma sarufi popote kuhusu betri. Lugha yake tu ndiyo imempa.

Na mashine hii, binti akaniambia, haikutengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Kwa karne nyingi Kiajemi kilikuwa lugha ya watawala wa Delhi, na maneno yake, pamoja na ya Kiarabu yaliyopanda humohumo, yaliingia kwa mlango uleule. Shuru karo, anza. Intezar karo, subiri. Shuru na intezar asili yake ni Kiarabu, lakini nani leo Delhi anaona kwamba anazungumza Kiarabu? Nikamwambia na sisi tuko hivyohivyo. Tukaanza kuhesabu tunayochangia: kitab na kitabu, duniya na dunia, khabar na habari, vakt na wakati. Nikamtolea na yale ambayo sisi wa pwani tuliyachukua moja kwa moja kwao. Pesa ni paisa yao. Laki ni lakh yao. Alicheka sana kusikia kwamba kule kwetu hata mpinga Uhindi akitaja laki mbili ametaja kwa Kihindi.

Nikamweleza pia ufundi wetu, maana nisingekubali kushindwa kila kitu. Sisi hatuhitaji kitenzi cha kusaidia. Neno likija tunalibandika viambishi mbele na nyuma: nimekubip, usinibip, tusibipiane. Wao kwa jambo hilohilo wanasema mis kol maro, na maro ni piga, kama sisi tunavyopiga simu. Wakaifanya mis kol kuwa kitu kikubwa mno: mwaka 2014 chama cha BJP kilianza kuandikisha wanachama kwa njia hiyo, unabip namba yao unaingia kwenye orodha. Hebu fikirini, chama kinajengwa kwa kubip!

Sasa msidhani kwamba India hawakujaribu njia ile niliyokuwa naihubiri mimi mwaka 2022. Walijaribu, tena kwa nguvu ya serikali. Katiba yao iliyoanza kutumika mwaka 1950 iliagiza Kihindi kikuzwe, na maneno mapya yachotwe kwanza kabisa katika Kisanskriti. Mwaka 1961 ikaundwa tume ya istilahi za sayansi na ufundi. Yakatoka maneno ya heshima: sanganak kwa kompyuta, durbhash kwa simu. Mengine yalishika kama jina tu, kwa mfano televisheni ya taifa inaitwa Doordarshan, maana yake kuona mbali, lakini mtu akitaka kuiwasha anasema washa TV. Mwishowe serikali yenyewe ikalegeza. Mwaka 2011 idara ya Lugha Rasmi, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ilitoa waraka ikiziambia ofisi kwamba pale neno la Kihindi safi linapokuwa gumu, litumike neno la Kiingereza lililozoeleka, liandikwe tu kwa herufi za Kihindi. Kwa magazeti haikuwa habari mpya. Navbharat Times la Delhi limejulikana kwa uchanganyaji huo, na nilipokuwa nasomewa vichwa vyake vya habari nilijisikia niko daladalani Dar.

Kichekesho nilichokipenda kiko kwenye kibanda cha chai karibu na kwa Anti. Tangu mfumo wa malipo ya simu wa UPI ulipoanza mwaka 2016, hata muuza chai ana karatasi ya msimbo wa kuskani, na pembeni ana kispika kinachotangaza malipo yakiingia. Muuza chai anamwambia mteja, "Skain kar lo." Mteja anaskani. Kisha kispika kinatamka kwa sauti ya mtangazaji kwamba rupia kumi "prapt hue", zimepokelewa. Prapt ni Kisanskriti safi. Yaani binadamu anaongea mchanganyiko, mashine ndiyo inaongea lugha safi! Nilikuwa nanunua chai ya pili ili nikisikie tena.

Mpaka hapo ilikuwa starehe ya mtu wa lugha. Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mama alifanyiwa upasuaji wiki ya pili. Siku zile nilishinda kwenye ukumbi wa kusubiri, na kila jioni nikirudi na sura iliyokunjamana Anti alinishika bega akasema, "Fikar mat karo, beta." Beta ni mwanangu. Fikar nililitambua haraka, ni ndugu wa fikra. Mat ni usi. Usiwe na fikra mwanangu, usiwaze. Nililala na maneno hayo kila siku.

Pale ukumbini nilizoeana na mzee mmoja kutoka Bihar aliyekuwa anamuuguza mwanawe. Watu walimwita Chachaji, baba mdogo, nami nikamwita hivyo. Hatukuwa na lugha ya pamoja, lakini maneno tulikuwa nayo. Ripot, skain, admit, dischaarj, fail, yote aliyatamka bila kigugumizi. Ila meseji zikiingia kwenye simu yake zilikuwa za Kiingereza, na Chachaji Kiingereza hakisomi. Basi alikuwa ananikabidhi simu, mimi nasoma, namwonyesha kwa vidole: ripot, leo, saa kumi. Hebu lione jambo hili vizuri. Mtanzania, katikati ya Delhi, anamsomea Mhindi simu yake.

Siku moja mchana simu yake ikaita. Kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, kila mara aliweka spika. Ukumbi mzima ukasikia sauti ya kijana mpole, mwenye adabu zote: "Sar, aapka kevaisi apdet nahin hua hai. Akaunt blok ho jaega. Mobail par OTP aaya hoga. OTP bataiye."

Sikuwa na Kihindi cha wiki tatu kamili, lakini ile sentensi niliielewa kuliko mahubiri ya kanisani kwetu. Akaunti. Kufungwa. Simu. OTP, yaani ile namba ya siri ya kutumia mara moja tu ambayo benki inakutumia kwa meseji. Bataiye, taja, tena kwa heshima. Na kweli meseji ilikuwa imeshaingia. Chachaji akanisogezea simu kama kawaida yetu, nimsaidie kusoma namba.

Niliisoma ile meseji. Ilisema rupia 40,000 zinataka kutoka kwenye akaunti, na kama ni wewe tumia namba hii, na usimpe mtu yeyote. Yote hayo kwa Kiingereza kilichonyooka. Chachaji alikuwa ananiangalia mdomoni. Kijana kwenye simu akarudia, "Sar, OTP?" Kiingereza kingeniponyoka bure, Chachaji asingeelewa. Kiswahili ndiyo kabisa. Nikapiga kelele:

"OTP mat bolo! Mat bolo!"

Ukumbi ukanyamaza. Nikabonyeza kitufe chekundu, simu ikakatika. Chachaji alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Nesi aliyekuwa anapita akaja, akaisoma meseji, akamweleza kwa Kihindi taratibu. Nikaona sura ya mzee inabadilika kidogokidogo. Akavua miwani. Akakaa. Akanishika mkono, na hakuuachia kwa muda mrefu. Zile zilikuwa pesa za mwanawe.

Jioni nilimsimulia binti wa Anti nikitegemea sifa. Akajishika kichwa. "Mzee wa watu umemwambia mat bolo? Hivyo unamwambia mwenzio au mtoto mdogo!" Kumbe nilikuwa nimemnakili Anti. Yeye kuniambia mimi mat karo ni sawa, ni mama yangu kwa umri. Mimi kumwambia mzee mat bolo ni sawa na kumpita mzee kijijini bila shikamoo na kumwamrisha anyamaze. Nikafundishwa upya, na kesho yake nikamwendea mzee, nikainama kidogo, nikasema, "Chachaji, OTP mat bataiye." Akacheka mpaka akakohoa. "Nahin bataunga, beta." Sitasema, mwanangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikigeuza kichwani nani alijua nini pale ukumbini. Tapeli alitumia mchanganyiko, mimi mgeni nikamwelewa kwa sababu ya mchanganyiko huohuo. Chachaji neno OTP alilijua vizuri, alilitamka vizuri kuliko mimi. Neno la kukopa halikumwangusha hata kidogo. Kilichotaka kumwangusha ni onyo. Onyo lilikuwepo, kiganjani mwake, limeandikwa kwa herufi nzuri, lakini lilikuwa la Kiingereza kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta. Neno lilikuwa limeshahamia Bihar zamani. Sentensi ilikuwa bado inaishi kwa Waingereza.

Na wala Kisanskriti kisingemwokoa. Onyo lingetungwa kwa lugha ya kispika cha muuza chai, Chachaji angelisikiliza kama dua. Alichohitaji ni kile alichokisema nesi, sentensi ya Kihindi cha nyumbani yenye neno OTP katikati yake. Benki Kuu ya India nayo inaendesha kampeni ya tahadhari iitwayo RBI Kehta Hai, yaani RBI inasema, kwa Kihindi na lugha nyingine nyingi. Ni jambo zuri. Lakini meseji iliyoingia dakika ile, wakati tapeli yuko hewani, ilikuwa ya Kiingereza.

Ndiyo maana naomba radhi kwa makala yangu ya 2022. Nilikuwa nafukuza vibaka wa neno mojamoja, huku sentensi nzima nzima zinapita mlango wa mbele na hakuna aliyeziuliza. Yule kijana wa "nimedaunlodi" ameliingiza neno katika nyumba ya Kiswahili, amelivalisha ni na me, linafuata amri ya sarufi yetu. Ningempendekezea pakua, maana ni neno tamu, limetoka jikoni kwenye chungu na kila mtu analiona. Lakini simwiti tena mtumwa. Hata simu ninayoitetea kama Kiswahili safi, asili yake ni Kiajemi, sim, waya.

Sisi tunalo la kujivunia. M-Pesa ilipofika Tanzania mwaka 2008 ilikuja na kutoa, kuweka, wakala, namba ya siri. Mama yangu anabonyeza *150*00# anasoma menyu ya Kiswahili mwenyewe, hanihitaji. Hata wale matapeli wetu wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anawajua na kuwatukana, kwa sababu ameonywa kwa lugha anayoiota. Lakini benki yake, ambayo siitaji, bado inamtumia tahadhari kwa Kiingereza. Wiki tu baada ya kurudi alinipa simu, akasema, "Hebu nisomee hawa wanasemaje." Nikaikumbuka mikono ya Chachaji ikinisogezea simu.

Siku hizi nikimaliza habari yoyote ya teknolojia, kabla sijaituma kwa mhariri naisoma upya na swali la mama: huyu msomaji ataelewa? Mhariri bado ananikatia maneno, na mengine anayakata kwa haki. Tunagombana vizuri.

Mama anaendelea vizuri, anatembea bila fimbo na amerudi kwenye vitenge. Anti tunamtumia salamu kila sikukuu. Nyie sasa: fungueni simu za wazazi wenu leo, mhesabu ni maonyo mangapi humo ndani hawawezi kuyasoma. Halafu mrudi hapa mniambie.